Kuvua blugili wakubwa Minnesota mwezi wa Julai

Kila kiangazi kuna mtu mpya hapa Brooklyn Park anayeniomba nimfundishe kuvua, na karibu wote huwa wameshajaribu peke yao. Wamesimama gatini, wakanasa visamaki vya kiganja cha mtoto, wakaamua kwamba ziwa halina blugili wakubwa. Wapo, ila Julai hawakai hapo. Shida ni kina cha maji, ndiyo maana hatua ya 4 hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Kwa asiyemjua: blugili ni samaki bapa, umbo lake linamkaribia ngege, mdomo mdogo sana, doa jeusi nyuma ya shavu. Mwenye inchi nane ni samaki wa kujivunia.

Hatua ya 1: Leseni

Ukishatimiza miaka 16 unahitaji leseni. Inanunuliwa mtandaoni kwa idara ya maliasili ya jimbo, na mwaka wake unaanza Machi 1. Kiangazi, kila mtu anaruhusiwa mshipi mmoja tu majini.

Hatua ya 2: Vifaa

Fimbo nyepesi ya futi sita hivi, rili ndogo (kigurudumu cha kukunjia mshipi), mshipi wa nailoni wa ratili nne, yaani uzito unaoweza kuuhimili kabla ya kukatika. Muuzaji akikupa wa ratili kumi, mrudishie: ni mnene, hautelezi vizuri, na blugili ana macho makali. Ndoano iwe namba 8 au 10, yenye shina refu ili utoaji uwe rahisi. Kumbuka namba ikipanda, ndoano inazidi kuwa ndogo.

Lile boya la mviringo, jekundu na jeupe, liache dukani. Linabanwa mahali pamoja kwenye mshipi, kwa hiyo huwezi kuvua kina kinachozidi urefu wa fimbo yako bila kuhangaika. Nunua boya jembamba lenye tundu katikati, linaloteleza juu ya mshipi, pamoja na ushanga mdogo na pakiti ya vifundo vya uzi.

Chubwi, vile vizito vya kuzamishia ndoano, ziwe za bati. Luni, ndege wa jimbo hili, humeza changarawe za kusaga chakula, na akiokota chubwi ya risasi sumu yake inamuua. Za bati ni ghali kidogo, lakini kwa hili sibishani na mtu.

Chambo ni nyungunyungu. Kata kipande cha kama ukucha wa kidole gumba. Ukimtundika mzima, blugili atadonoa mkia aondoke zake.

Hatua ya 3: Mahali

Mwisho wa Mei na Juni wanataga kwenye maji mafupi. Maji yakishapata joto, wakubwa wanahamia ukingo wa nje wa majani yaotayo majini, kwenye futi 8 hadi 15, wengine hata zaidi, wakifuata vidudu vidogo vya majini. Wadogo wanabaki karibu na ufuko, wamejificha ndani ya majani wasiliwe na besi na paiki, samaki wakubwa wanaokula wenzao.

Ukiwa na mashua, vaa miwani ya kukata mng'ao, toka ufukweni polepole, na pale majani yanapopotea machoni tia nanga. Usipokuwa nayo, maziwa mengi ya mjini yana gati la umma la kuvulia. Simama ncha ya mwisho na utupe kuelekea kwenye kina. Nenda alfajiri, au kuanzia saa kumi na mbili jioni. Julai jua linatua karibu saa tatu usiku, kwa hiyo hata anayetoka kazini anawahi.

Hatua ya 4: Kufunga boya na kupata kina

Hapa ndipo watu wanapopoteza jioni nzima. Mpangilio, kuanzia upande wa fimbo: kifundo cha uzi, ushanga, boya, chubwi, ndoano. Chubwi ikae kama futi moja juu ya ndoano.

Kifundo ndicho kinachoamua kina: mshipi unateleza ndani ya boya mpaka kifundo kifike hapo kizuie. Kilowanishe kwa mate kabla ya kukikaza, la sivyo kitaunguza mshipi. Kikaze kiasi cha kusogea ukikisukuma kwa kucha, lakini kisisogee chenyewe. Usikate ncha zake hadi mwisho; acha karibu sentimita moja, ilale laini inapopita kwenye pete za fimbo. Ncha fupi ni ngumu, zinakwaruza na kukwama. Angalia pia tundu la ushanga: likizidi kifundo, kifundo kitapita ndani ya ushanga na boya, na ndoano itakwenda mpaka chini, nawe utadhani unavua futi kumi.

Sasa tupa na usubiri. Usivute chochote, acha mshipi ulegee ili chubwi iuteremshe ndani ya boya. Ukikaza mapema boya linakufuata na ndoano haifiki. Boya likisimama wima, ndoano inaning'inia. Likilala ubavu, kuna sababu mbili: chubwi imefika chini, au ni nyepesi mno kuuvuta mshipi. Kutofautisha, ongeza chubwi moja. Likiendelea kulala, umegusa chini; shusha kifundo kuelekea kwenye boya futi moja moja mpaka lisimame, halafu futi moja na nusu zaidi. Hapo ndipo pa kuanzia.

Dakika kumi bila kudonolewa, punguza kina futi nyingine. Wengi huongeza. Blugili hupanda kufuata chakula kwa urahisi kuliko kushuka, kwa hiyo ni afadhali chambo kiwe juu ya vichwa vyao. Upepo ukiisogeza mashua, pima upya. Hatua chache tu zinaweza kubadilisha kina kwa futi tano.

Hatua ya 5: Kunasa

Usingoje boya lizame tu. Mkubwa mara nyingi hukichukua chambo na kupanda nacho, uzito wa chubwi unaondoka, na boya lililokuwa wima linalala taratibu. Likilala hivyo, kaza mshipi na uinue fimbo kwa mkono mwepesi. Mshike kwa kutelezesha kiganja kutoka kichwani kurudi nyuma ili miiba ya mgongo ilale. Kama ameimeza ndoano, kata mshipi karibu na mdomo.

Hatua ya 6: Nani wa kwenda naye nyumbani

Kikomo cha jimbo ni samaki 20 wa jamii ya sanfishi, ambamo blugili yumo, lakini maziwa mengi yamewekewa 10 au 5, kwa hiyo soma kanuni za ziwa lako kabla ya kutupa mshipi. Mimi nachukua wa inchi saba, nawarudisha wakubwa kabisa, hasa madume wa Juni wanaolinda viota. Wakiisha hao, madume wadogo wanakomaa mapema, wanaacha kukua, na baada ya muda ziwa linabaki na visamaki vitupu.

Waweke kwenye barafu mara moja. Nyumbani para magamba, tumbua, kata mistari ubavuni, chumvi na ndimu, kaanga mzima. Minofu ya samaki mdogo hivi ni kupoteza nyama.

Kabla ya kuondoka, fungua kizibo cha mashua maji yote yatoke, na ng'oa majani yaliyonasa. Nyungunyungu waliobaki watie kwenye takataka, usiwamwage msituni: Minnesota haina nyungunyungu wa asili, na hawa wa kuletwa wanakula majani makavu ambayo mimea ya msitu huota humo.