Somo: Namna ya kupima kama seti ya vitofali vya kuchezea inastahili bei yake

Kasha la vitofali vya kuchezea huuzwa kwa picha iliyochapwa juu yake, ilhali kinachofika nyumbani ni vipande. Meli au ngome iliyo pichani hujengwa mara moja, pengine alasiri moja tu, na baada ya hapo thamani ya kasha zima hubaki katika jambo moja: vipande vile vinaweza kujenga nini kingine? Somo hili linafuata swali hilo kuanzia dukani hadi mezani. Nimelijaribu kwa miaka kadhaa nikiwa na kikundi cha watoto wa mtaani kwetu, ambao hukutana kila Jumamosi kuzunguka mikeka miwili na ndoo tatu za vitofali vya kila asili. Mifano mingi nimeichukua kwa LEGO ya Denmark, si kwa kuipigia debe, bali kwa sababu vipimo vyake ndivyo ambavyo karibu watengenezaji wengine wote wamevifuata.

Hatua ya kwanza: amua seti itakaa wapi baada ya kujengwa

Kuna seti za kuwekwa kabatini na kuna seti za kubomolewa, na kosa la kawaida ni kumnunulia mtoto wa miaka saba seti ya kabatini, kisha kumkaripia kila anapoigusa. Roketi ya Saturn V, iliyotoka mwaka 2017 ikiwa na vipande 1,969 kwa kumbukumbu ya mwaka ambao binadamu alikanyaga mwezi, ni mfano mzuri wa aina ya kwanza, kwani inasimama takriban mita moja na hupendeza zaidi ikiachwa ilivyo. Kasha la vitofali mchanganyiko lisilo na jengo maalumu ni mfano wa aina ya pili. Mtu mzima anayejinunulia ya kwanza hakosei hata kidogo. Ila asiipime kwa vigezo vya pili, wala asimpe mtoto akidai kwamba ni zawadi ya mtoto.

Hatua ya pili: gawanya bei kwa idadi ya vipande, kisha uitilie shaka hesabu hiyo

Idadi ya vipande huandikwa juu ya kasha, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Wapenzi wa LEGO nchini Marekani wamezoea kipimo cha senti 10 za dola kwa kipande: ikiwa chini ya hapo wanaiona nafuu, ikizidi wanauliza sababu. Kasha la vitofali mchanganyiko la vipande 790, lililouzwa kwa takriban dola 60, linatoa kama senti 7 na nusu kwa kipande. Seti kubwa ya Millennium Falcon, chombo cha angani cha filamu za Star Wars, iliyotoka mwaka 2017 ikiwa na vipande 7,541 na bei ya karibu dola 800 wakati huo, ilitoa kama senti 10 na nusu.

Sasa tazama hesabu hiyohiyo inavyoweza kutudanganya. Mwaka 2021 ilitoka Ramani ya Dunia yenye vipande 11,695, iliyouzwa Marekani kwa takriban dola 250. Ukigawanya unapata senti 2 kwa kipande, na mtu anayeangalia tarakimu peke yake angedhani amepata bahati. Lakini sehemu kubwa ya vipande hivyo ni vidoti vya mviringo vyenye upana wa kinundu kimoja (kivimbe cha juu ya kitofali kinachoshikana na kingine), yaani milimita 8. Ni ramani nzuri sana ya ukutani, ila huwezi kuisimamishia nyumba ya mdoli. Kwa upande wa pili, makasha ya Duplo, aina ya LEGO ya watoto wadogo, ambayo vitofali vyake vina urefu, upana na kimo mara mbili ya vile vya kawaida, huweza kufika senti 40 na zaidi kwa kipande bila kuwa ghali, kwa kuwa kitofali kimoja hubeba ujazo wa vinane.

Kwa sababu hiyo mimi huongeza kipimo cha pili, nacho ni uzito. Kitofali cha kawaida chenye vinundu 2 kwa 4 kina uzito wa gramu 2 na kitu. Seti mbili zenye idadi moja ya vipande, moja ikiwa nyepesi kwa nusu ya nyenzake, hazikupi kitu kimoja, na mkono wako utaitambua tofauti hiyo hata bila mizani.

Angalia pia kama seti inatumia jina la filamu maarufu. LEGO ilianza kutoa seti za Star Wars mwaka 1999, na tangu hapo majina ya namna hiyo yamejaa rafuni. Mwenye jina hulipwa, na malipo hayo hurudi kwa mnunuzi. Mtoto anayemtaka shujaa fulani atamtaka huyo tu. Hapo lipa, lakini ujue unacholipia.

Hatua ya tatu: soma orodha ya vipande kabla ya kununua

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Mtengenezaji mwenye kujiheshimu huweka kijitabu cha maelekezo kwenye tovuti yake bure, na kurasa za mwisho za kijitabu hicho huonyesha kila kipande na idadi yake. Kipakue kwenye simu, kaa na kikombe cha chai, kisha ugawe vipande kwa macho katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vya kujengea: vitofali vya kawaida, vibamba (vipande bapa vyenye vinundu), miteremko ya paa, magurudumu na ekseli, bawaba, milango, madirisha. Fungu la pili ni vya kupambia: vidoti, maua, vikombe, taa. Fungu la tatu ni vipande vikubwa vya kazi moja, kwa mfano bodi nzima ya mashua iliyomiminwa kwa kipande kimoja, au ukuta wa mwamba uliokwisha kuchongwa.

Fungu la kwanza likizidi nusu, seti hiyo itaishi. La tatu likitawala, seti itajenga kile kilichochorwa na kidogo tu cha zaidi. Faida ya fungu la kwanza si maneno matupu: vitofali sita tu vya 2 kwa 4 vya rangi moja vinaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Kwa miaka mingi kampuni yenyewe ilitaja idadi ndogo zaidi, 102,981,500, mpaka mwanahisabati Søren Eilers wa Denmark alipobaini kwamba hesabu ile ilihusu minara ya ghorofa sita peke yake na kuacha maumbo mengine yote. Hebu jiulize bodi moja ya mashua ina njia ngapi.

Rangi nazo zina uzito wake. Vitofali ishirini vya rangi moja vinajenga ukuta. Vitofali ishirini vya rangi ishirini vinajenga kitu ambacho watoto wa kikundi changu hukiita "kanga", na wanapokiita hivyo hawasifu.

Hatua ya nne: pima ukazaji

Kitofali tunachokijua leo, chenye vinundu juu na mirija ndani, kiliombewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mjini Copenhagen tarehe 28 Januari 1958 na Godtfred Kirk Christiansen, mwana wa seremala aliyeanzisha LEGO mwaka 1932. Mirija ile ndiyo siri yote: kinundu hubanwa kati ya mrija na ukuta, kikashika bila gundi na kuachia kwa nguvu ya vidole vya mtoto. Kitofali cha mwaka 1958 bado kinakaa juu ya kile cha leo. Tangu mwaka 1963 plastiki inayotumika ni ABS, ngumu na isiyopindapinda, ambayo inaweza kubeba usahihi wa vipimo unaohitajika.

Ukiruhusiwa kufungua kasha, au ukiwa na vitofali vichache vya chapa hiyo, fanya majaribio matatu. Kwanza, panga vibamba vitatu kimoja juu ya kingine, kisha viweke kando ya kitofali kimoja. Vimo sharti vilingane, kwa kuwa kibamba kina milimita 3.2 na kitofali milimita 9.6. Pili, panga vitofali kumi vya 2 kwa 4 katika mstari mmoja juu ya kibamba kirefu. Kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita halionekani katika kitofali kimoja, lakini vikifika kumi linakuwa milimita nzima, na kitofali cha mwisho kitakataa kukaa. Tatu, jenga fimbo ya vitofali, uishike upande mmoja kwa mlalo na kuitikisa taratibu. Ikikatika kwa uzito wake mwenyewe, usiendelee.

Niliwahi kununua kasha la vipande elfu moja la chapa ambayo sitaitaja, kwa bei iliyonifanya nijione mjanja. Kuta zilisimama, paa halikukaa. Watoto walijaribu wiki mbili, wakaacha, na sikuwa na la kuwalaumu. Vitofali vilivyolegea vilikuwa vimewafundisha kwamba wao ndio hawajui kujenga.

Hatua ya tano: usalama

Tafuta umri ulioandikwa na alama ya duara jekundu lenye uso wa mtoto uliokatwa kwa mstari, inayomaanisha kwamba bidhaa haifai kwa aliye chini ya miaka mitatu kwa sababu ya hatari ya kupaliwa. Alama ya CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba anafuata masharti ya Ulaya, hivyo ina maana pale tu jina na anwani yake vinapoonekana kwenye kasha. Harufu kali ya plastiki ikikupiga usoni unapofungua, rudisha.

Hatua ya sita: hesabu gharama yote

Ongeza usafirishaji, ushuru na gharama ya kubadilisha fedha, kisha urudie mgawanyo wa hatua ya pili. Angalia pia kama mapambo yamechapwa juu ya vipande au ni stika: stika zilizobandikwa na mtoto hukaa upande, na joto letu la pwani huzibandua kingo.

Maswali ya wanachama

Mama wa watoto wawili, Tanga: Shikamoo mwalimu. Nina mtoto wa miaka miwili na mwingine wa sita. Je, ninunue seti mbili tofauti au moja inatosha?

Jibu: Marahaba, mama. Anza na Duplo kwa mdogo, na usiogope kwamba itatupwa akikua. Vitofali vya kawaida vya LEGO hukaa juu ya vile vya Duplo, kwa hiyo mkubwa anaweza kutumia vya mdogo wake kama msingi wa jengo lake. Ila vile vidogo vya mkubwa viwe na ndoo yenye mfuniko, na viwekwe juu.

Mwanachama wa Mombasa: Assalaam alaykum. Dukani kuna chapa zinazoshikana na LEGO kwa nusu ya bei. Je, kununua ni kuunga mkono wizi?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Tuzitenge aina mbili. Hataza za kitofali cha msingi zilikwisha zamani, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa umbo la kitofali hicho kusajiliwa kama alama ya biashara, kwa kuwa umbo lenyewe ndilo linalofanya kazi. Kampuni inayotumia jina lake na michoro yake, kama Cobi ya Poland, inafanya biashara halali. Anayenakili seti nzima pamoja na picha ya kasha huyo ni mwingine. Lepin ya China ilivamiwa na polisi mwaka 2019 kwa kosa hilo, na wahusika wakafungwa. Chapa halali yenye bei ndogo ipime kwa hatua ya nne. Kwa LEGO halisi, jina limechapwa juu ya kila kinundu.

Mjomba aliye Muscat: Nataka kuwanunulia wapwa zangu seti mbili, moja wacheze, nyingine niitunze ikiwa imefungwa niiuze bei ikipanda. Unashauri?

Jibu: Ya kuchezea nunua bila wasiwasi. Ya kutunza inahitaji mambo ambayo wengi wetu hatuna: chumba kikavu kisicho na jua, kasha lisilobonyea hata pembe, na mnunuzi aliye karibu. Seti nyingi hukaa sokoni takriban miaka miwili kisha husitishwa, na baadhi hupanda bei. Nyingine hutolewa upya kwa sura mpya, na ile ya zamani hushuka. Wapwa nao watajua lilipo kasha la pili.

Mwanachama wa Nairobi: Nimepata vitofali vya mitumba vinavyouzwa kwa kilo. Nitajuaje kama vinafaa?

Jibu: Kilo moja ina vitofali zaidi ya 400 vya 2 kwa 4, kwa hiyo hesabu ya bei unaweza kuianzia hapo, ukipunguza kwa ajili ya takataka zilizochanganywa. Chota viganja viwili kutoka chini ya gunia, si juu. Tenga visivyo na jina la mtengenezaji, vilivyong'atwa na vilivyopasuka ukutani. Vyeupe vilivyogeuka manjano vimechomwa na jua. Vinashika bado, ila havitarudi rangi yake kwa sabuni. Baadhi ya vipande vya kahawia vya miaka ya 2000 huvunjika kama biskuti, kwa hiyo viunganishe kimoja kimoja kabla ya kulipa. Ukifika nyumbani vioshe kwa sabuni laini na maji yasiyozidi nyuzi 40, kwa mkono, kisha uvianike kivulini.