Namna ya kuwapanga mabingwa wa ulinzi wa Georgetown, hatua kwa hatua

Kijana mmoja anayejifunza uchambuzi wa kikapu aliniomba nimkagulie orodha yake ya wachezaji waliokaba vizuri kuliko wote katika historia ya Chuo Kikuu cha Georgetown, kule Washington. Namba moja alikuwa amempa Dikembe Mutombo, na sababu zote alizotaja zilikuwa za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani: tuzo nne za mlinzi bora wa ligi, na kile kidole alichokuwa akikitikisa baada ya bloku, yaani kuuzuia mtupo wa mpinzani. Tuliifuta, tukaanza upya. Hizi ndizo hatua tulizopita, na zinafaa kwa chuo chochote chenye historia ndefu.

Hatua ya 1: Chora mpaka

Mechi za chuo tu. Najua jina la Mutombo lina uzito wake kwetu, hasa kwa ndugu zetu wa Congo, ukikumbuka na hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake. Heshima hiyo haiguswi na orodha hii. Lakini Georgetown alicheza misimu mitatu, kuanzia 1988 hadi 1991, na hiyo mitatu ndiyo tunayoipima. Alonzo Mourning na Allen Iverson, waliochezea chuo hichohicho, nao wanapimwa hivyohivyo.

Hatua ya 2: Kusanya majina

Anza na tuzo ya mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo anayochezea Georgetown. Patrick Ewing aliichukua miaka minne mfululizo, 1982 hadi 1985. Mourning aliichukua 1989, akagawana na Mutombo 1990, Mutombo akaibeba peke yake 1991, Mourning akairudisha kwake 1992. Iverson aliitwaa 1995 na 1996. Kisha ongeza wasio na tuzo: Gene Smith, gadi (mchezaji wa nje anayekaba wenye mpira) wa miaka ya 1980 hadi 1984, na Kevin Braswell, anayeongoza chuo kwa mipira aliyopokonya.

Hatua ya 3: Sawazisha takwimu

Hapa ndipo kazi ilipo. Tenga siku nzima, na usikubali kuiruka.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilianza kuweka kumbukumbu rasmi za bloku na mipira iliyopokonywa msimu wa 1985–86. Ewing alimaliza chuo 1985. Kwa hiyo ukifungua orodha rasmi ya taifa ya wazuiaji wa wakati wote, humwoni kabisa, na asiyejua atadhani hakuwa na lolote. Chuo chenyewe kilikuwa kikihesabu: Ewing ana bloku 493 katika mechi 143. Chukua takwimu za chuo kwa wachezaji wote, za kabla na za baada ya 1985, ili chanzo kiwe kimoja. Ukichanganya vyanzo viwili kwenye safu moja, orodha yako imeshaharibika kabla hujaanza.

Jambo la pili: jumla inadanganya. Gawa kwa mechi. Ewing anapata bloku 3.4 kwa mechi, Mourning mwenye 453 katika mechi 120 anapata 3.8, na Mutombo mwenye 354 katika mechi 96 anapata 3.7. Tayari mpangilio umegeuka: aliyekuwa wa kwanza kwa jumla ni wa tatu kwa wastani.

Usisimame hapo, maana wastani wa mechi nao una kasoro. Mtazame Mutombo msimu wa 1988–89: bloku 75 katika mechi 33, wastani wa 2.3 hivi. Inaonekana ya kawaida, mpaka uone kwamba alikuwa akicheza dakika 11 tu kwa mechi. Igeuze iwe kwa dakika 40, ambazo ndizo urefu wa mechi ya chuo, na inafika 8. Msimu huohuo Mourning, akiwa mwaka wa kwanza, aliongoza nchi nzima kwa bloku 169, lakini kwa kipimo cha dakika 40 yuko kwenye 7. Je, Mutombo alikuwa bora? Hapana, si kwa hesabu hiyo pekee. Anayeingia kwa dakika chache anaruka kila mpira bila kuogopa faulo tano zinazomtoa mchezaji mechini. Anayetegemewa mechi nzima lazima ajizuie. Kanuni yangu ni hii: kipimo cha dakika 40 nakiamini tu kwa msimu ambao mchezaji alizidi dakika 20 kwa mechi. Msimu wa mwisho wa Mutombo, 1990–91, unapita mtihani huo. Alikuwa na bloku 151 katika mechi 32, akicheza dakika zaidi ya 34, na kwa dakika 40 inakuwa kama 5.5. Hiyo naiheshimu kuliko ile 8.

Jambo la tatu ni kasi ya mchezo. Mpaka 1985, mashindano ya taifa hayakuwa na saa ya kuhesabu sekunde za kushambulia. Timu iliweza kukaa na mpira ikipigiana pasi hadi ipate nafasi nzuri. Nusu fainali ya 1984 Georgetown iliifunga Kentucky 53-40. Mechi ya aina hiyo ina mitupo michache, kwa hiyo hata nafasi za bloku ni chache. Saa ya sekunde 45 ilikuja msimu wa 1985–86, mwaka mmoja baada ya Ewing kuondoka, na ikapunguzwa hadi 35 msimu wa 1993–94, kabla tu ya Iverson kufika. Ndiyo maana ile 3.4 ya Ewing naipandisha kichwani, na ile 3.2 ya Iverson ya mipira aliyopokonya kwa mechi (213 katika mechi 67) naishusha kidogo. Msitafute namba kamili ya kupandisha au kushusha. Nimeona watu wakitengeneza fomula ndefu za kusawazisha kasi, na zote zinajificha nyuma ya makadirio. Andika tu kando ya jina: "enzi ya polepole", "enzi ya haraka", kisha amua ukiwa umeliona.

Kwa kazi hii tumia jedwali la kawaida la kompyuta. Tovuti zinazotoa alama moja ya ulinzi kwa kila mchezaji ziache kabisa, hasa kwa miaka ya 1980. Alama hizo zinahitaji data ambayo enzi hiyo haikukusanywa.

Hatua ya 4: Tazama mechi nzima

Video fupi za bloku hazifai. Zinaonyesha mpira ulioguswa, hazionyeshi mtupo ambao mpinzani aliuacha kwa sababu ya nani alikuwa amesimama chini ya kikapu. Chukua daftari, na kila mpinzani anapokatiza kwenda kikapuni kisha akageuka na kurudisha mpira nje, weka alama kwa aliyemgeuza.

Anza na hiyo nusu fainali ya Kentucky. Kipindi cha pili Kentucky walitupa mara 33 wakafunga 3, na wale watano walioanza mechi walitupa 21 bila kufunga hata mmoja. Walikuwa na Sam Bowie na Melvin Turpin, watu warefu hasa. Ukiangalia karatasi ya takwimu utampa Ewing sifa zote. Ukitazama mechi utaona kazi ilianza mbali, kwa magadi waliokuwa wakiwabana wenye mpira uwanja mzima, na Gene Smith ni mmoja wao.

Kisha fainali ya 1982 dhidi ya North Carolina, iliyoisha 63-62. Pointi nane za kwanza za North Carolina zilitokana na Ewing kugusa mipira iliyokuwa inashuka kikapuni, kosa linalompa mpinzani pointi. Wengi wanahesabu hilo kuwa kosa la mtoto wa mwaka wa kwanza. Mimi nalihesabu upande wa faida, kwa kuwa baada ya hapo kila aliyeingia ndani alijua anakutana na nani.

Na ya Princeton, 1989, Georgetown wakishinda 50-49. Tazama sekunde za mwisho tu za Mourning.

Hatua ya 5: Panga

Wangu ni Ewing, Mourning, Mutombo, Smith, Iverson, Braswell. Kumweka Smith juu ya Iverson kutawaudhi wengi. Iverson alipokonya mipira 124 msimu wa 1995–96, rekodi ya chuo, lakini nyingi alizipata kwa kuacha nafasi yake na kubahatisha njia ya pasi, na akikosa, wenzake wanabaki wanne kwa watano. Smith alikaa na mtu wake. Braswell ana 349 kwa misimu minne, kwa hiyo mpe nafasi ya juu zaidi ukithamini uvumilivu kuliko kilele, ila uandike sababu hiyo pembeni ya jina lake ili msomaji aweze kukupinga kwa hoja.