Somo: Miguu imevimba. Lini ungoje kliniki, lini utoke usiku huo huo

Kila wiki kuna mtu dirishani kwangu: "Dada, nipe vidonge vya kukojoa, miguu ya mama imevimba." Nimechoka kueleza mmoja mmoja. Mimi ni muuguzi mstaafu, niko Tanga, siku hizi nauza kwenye duka la dawa. Ukiniuliza tena nakurudisha hapa.

1. Tazama kama umevimba mguu mmoja au yote miwili.

2. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, uhesabu hadi kumi. Kikibaki kishimo, ni maji. Ngozi ngumu isiyobonyea, ya miaka mingi, huku pwani huenda ikawa matende: nenda kliniki, lakini si mbio za usiku.

3. Mguu mmoja uliovimba ghafla, unauma na una joto, hasa kwa aliyepasuliwa, aliyelazwa au aliyejifungua karibuni: huenda damu imeganda ndani. Hospitali leo. Usichue, hata kama mchuaji ni bibi yako. Donge likimeguka linakwenda mapafuni.

4. Ikiwa ni yote miwili, muulize analalia mito mingapi. Aliyetosheka na mmoja sasa anataka mitatu, au analala kakaa kitini? Basi huenda moyo umechoka na maji yameanza kupanda kifuani, apelekwe leo. Na anayekurupuka saa nane usiku akikimbilia dirisha kutafuta pumzi, msimsingizie jinamizi.

5. Mpime uzito asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai. Akiongeza kilo 2 ndani ya siku tatu, si ugali, ni maji. Kliniki kesho yake.

6. Usingoje kuche ikiwa anahema hata akiwa ametulia, hawezi kumaliza sentensi, kifua kinabana, amezimia, amechanganyikiwa, anatoka jasho jembamba, midomo na ulimi vimekuwa vya buluu, au anakohoa povu lenye wekundu. Moja tu kati ya hayo linatosha.

7. Mkalishe wima, miguu ining'inie. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nimerudi likizo, najiona daktari mzima. Shangazi alikuwa amevimba hadi magotini na anahema. Nikakumbuka nusu ya somo: miguu ikivimba iinuliwe. Nikamlaza chali, nikapanga mito miwili chini ya visigino. Haukupita muda kifua kikaanza kutokota kama birika, macho yamemtoka, ananisukuma kwa mikono yote miwili, nami nazidi kumkandamiza: "Tulia, shangazi." Aliyemwokoa ni jirani muuza vitumbua, aliyeingia akamwinua na kumkalisha ukingoni mwa kitanda bila kuniuliza. Ukiinua miguu ile, maji yake yanaurudia moyo uliokwisha kuchoka. Moyo ukishindwa kuyasukuma, yanajaa mapafuni. Kwa hiyo anayehema: usimlaze, usimwinue miguu, usimtembeze hadi stendi. Bodaboda pia hapana, akizimia ataanguka. Bajaji au gari, akiwa amekaa.

8. Beba dawa zake zote, na za mitishamba pia.

MASWALI

Mzigua: Nimesoma juu juu. Mama kavimba, nimpe Lasix ngapi, vile vidonge vya kukojoa?
— Analalia mito mingapi?
Mzigua: Sijamuuliza.
— Namba 4. Halafu mpeleke akapimwe.

Kipusa: Mbona mimi hospitali waliniambia niinue miguu? Unapotosha watu.
— Unahema?
Kipusa: Hapana.
— Basi endelea kuinua. Namba 7 ni ya anayehema. Niliyempotosha ni shangazi yangu, na nimekiri hapo juu.

Binti wa Pangani: Shikamoo mama. Baba alianza amlodipine, dawa ya presha, mwezi jana, sasa jioni vifundo vinavimba, asubuhi vimepungua. Pumzi iko sawa, analalia mto ule ule.
— Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Dawa hiyo hutanua mishipa na kuvimbisha vifundo kwa baadhi ya watu. Asiiache mwenyewe, presha itapanda. Arudi kwa daktari amwangalie, apunguze au abadilishe. Je, anameza diklofenaki, ile ya maumivu ya magoti?
Binti wa Pangani: Kila siku! Ananunua mwenyewe.
— Hiyo hufanya chumvi na maji vibaki mwilini, na hupandisha presha. Mtajieni daktari, asiifiche.

Mama Wawili: Mdogo wangu ana wiki tatu tangu ajifungue. Miguu imevimba, analala kakaa. Mkwe anasema ni uchovu wa kunyonyesha.
— Leo, sasa hivi. Moyo unaweza kudhoofika kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kujifungua, hata kwa ambaye hajawahi kuumwa moyo. Piga 115, ni bure, ni usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Mkwe mtamweleza njiani.
Mama Wawili: Tumefika. Kawekewa oksijeni.
— Asante kwa kurudi kusema. Kaa naye.

Mvuvi: Mzee wangu kakatazwa chumvi, lakini bila papa mkavu hali chakula.
— Loweka usiku kucha, ubadilishe maji mara mbili. Hata hivyo chumvi haiishi yote, kwa hiyo ni kipande kidogo, tena si kila siku.
Binti wa Pangani: Sisi tulihamia samaki mbichi: ndimu, kitunguu saumu, pilipili, tui kidogo. Wiki ya kwanza baba alinuna.
— Na vile vidonge vya mchuzi mvitoe jikoni, vimejaa chumvi.
Mvuvi: Ndivyo anavyotilia kwenye maharage.