Namna ya Kutazama Seli za Kitunguu na Wanga wa Kiazi kwa Hadubini

Iodini ikitumiwa vizuri hukuonyesha mambo mawili: sehemu za seli, na aina ya molekuli iliyomo. Andaa kitunguu, kiazi kibichi, hadubini, slaidi na vifuniko vyake, kibano, sindano na wembe mpya.

Iodini haiyeyuki vizuri katika maji matupu. Yeyusha kwanza gramu 2 za potasiamu iodaidi katika maji kidogo, tia gramu 1 ya iodini, koroga mpaka iishe yote, kisha ongeza maji hadi mililita 300. Ihifadhi kwenye chupa ya rangi ya kahawia.

Kata kitunguu vipande vinne, bandua gamba moja nene. Upande wake wa ndani, uliobonyea, una ngozi laini inayopitisha mwanga. Ivute polepole kwa kibano, kisha ukate kipande cha nusu sentimita. Ngozi hiyo ina unene wa seli moja tu. Ikitoka na nyama nyeupe itupe uvute nyingine, maana seli zikilaliana huoni kitu.

Weka tone la iodini kwenye slaidi, tandaza ngozi, nyoosha mikunjo kwa sindano. Gusisha ukingo mmoja wa kifuniko kwenye tone, kisha ukilaze taratibu. Ukikidondosha kwa mara moja hewa inanaswa, na wanafunzi wengi huchora viputo wakidhani ni viini, yaani sehemu zinazoongoza kazi za seli. Kiputo ni duara lenye ukingo mweusi mnene. Kiini ni kidogo, cha manjano iliyokolea, na mara nyingi kimesukumwa kando kwa sababu vakuoli, mfuko wa majimaji ndani ya seli, imejaza katikati.

Anza na lenzi ndogo kabisa, upande hadi ya 40. Pamoja na lenzi ya jicho ya 10 utapata ukuzaji wa mara 400. Hapo tumia skrubu ndogo ya kurekebisha umakini pekee, la sivyo lenzi itavunja slaidi. Punguza mwanga pia, kwani ukizidi kuta za seli zinafifia.

Chora unachokiona, si kilichomo kitabuni. Ribosomu, chembe zinazotengeneza protini, huwezi kuziona: hadubini ya mwanga hukomea kwenye mikromita 0.2 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), nazo ni ndogo zaidi ya hapo. Kloroplasti, sehemu za kijani zinazotengeneza chakula kwa mwanga, hazimo kabisa, kwa kuwa magamba ya ndani hukua gizani.

Sasa kiazi. Kwangua utomvu wa sehemu iliyokatwa, uchanganye na tone la maji, ufunike. Utaona punje zenye umbo la yai, na ndani yake miduara kama ya gogo lililokatwa. Weka tone la iodini ukingoni mwa kifuniko, uivute kwa karatasi ya kufyonza upande wa pili. Punje zitageuka buluu moja baada ya nyingine, kisha karibu nyeusi. Iodini ikiwa kali mno, miduara inafunikwa.

Rangi hiyo inatokana na amailosi, sehemu ya wanga ambayo minyororo yake ya glukosi (aina ya sukari) imejisokota kama springi. Iodini huingia ndani ya msokoto. Selulosi ya ukuta wa seli nayo ni glukosi, lakini minyororo yake imenyooka na iodini haipati pa kukaa. Ndiyo maana kitunguu kilibaki manjano: kina selulosi, ila akiba yake ya chakula si wanga.

Utando wa seli, ngozi nyembamba iliyo ndani ya ukuta, umeshikamana na ukuta huo, hivyo ili uuone lazima uutenganishe. Chukua ngozi ya nje ya gamba la kitunguu chekundu, bila iodini, kwani huua seli. Iweke kwenye maji yenye gramu 5 za chumvi kwa mililita 100. Baada ya dakika chache rangi ya zambarau itajikunja na kuachana na ukuta; mpaka wa rangi hiyo unakuonyesha utando ulipo. Ondoa maji ya chumvi, weka maji safi: seli iliyo hai itajaa tena, iliyokufa haitarudi.