Kukarabati njia za milima ya Ngong kwa kujitolea: anzeni na maji

Buti za wapandaji hulegeza udongo tu. Anayeubeba ni maji ya mvua. Kikundi kinachotaka kujitolea kukarabati njia za Ngong kijipange kwanza kuyatoa maji njiani, ngazi na vibao vije baadaye.

Ngong, karibu na Nairobi, ni msitu ulio chini ya Shirika la Huduma za Misitu la Kenya (KFS). Pateni kibali cha maandishi kutoka kituo cha msitu, mzungumze na chama cha jamii cha misitu, kisha tembeeni na afisa kipande chote mkipiga vigingi. Siku ya kazi, ombeni askari wa msitu aandamane nanyi. Njia nyingine mnazoona kuwa za mkato ni za wafugaji na mifugo yao. Msizifunge bila kuwauliza.

Upimaji ufanyike mvua ikinyesha au mara tu baada ya kukatika. Angalieni maji yanaingia njiani wapi, na wapi yangeweza kutolewa pembeni. Kuchimba ni Februari au Septemba, kabla ya masika na vuli. Malizeni wiki mbili tatu kabla ya mvua, maana udongo uliofukuliwa juzi huondoka na mvua ya kwanza.

Kazi kubwa ni makinga maji, yaani safu za mawe zinazokatiza njia ili kuyatoa maji pembeni. Chimbeni mtaro wa sentimita 30 kwenda chini, ukikata njia kwa mshazari wa digrii 45, ncha ya chini ikielekea upande wa bonde. Tumieni mawe ambayo mtu mmoja huyainua kwa shida, na theluthi mbili ya kila jiwe izikwe. Yapangeni yakigusana, mshindilie kokoto na udongo kwa mtarimbo. Kinga lipite ukingo wa njia kwa sentimita 30 kila upande, la sivyo maji yatazunguka ncha na kuchimba korongo jipya. Mdomo wa kutolea maji uwe na upana wa nusu mita na uzidi kupanuka kuelekea nje. Penye mwinuko mkali wekeni kinga kila mita 10 hadi 15. Penye mwinuko wa wastani, mita 30 hutosha kwa kuanzia.

Makosa yanayorudiwa ni mawili. La kwanza ni kulaza kinga likikatiza njia bila mshazari: maji husimama, tope hujaa, na mvua inayofuata hupita juu yake. La pili ni mawe madogo, ambayo watembeaji huyang'oa kwa mateke ndani ya mwezi mmoja. Na njia inayoteremka moja kwa moja na mlima haiponi kwa makinga, kwa kuwa maji hayana pembeni pa kwenda. Hiyo ihamishwe, mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe.

Penye korongo tayari, jengeni vizuizi vya mawe kwa ngazi: kilele cha kizuizi cha chini kilingane na mguu wa kile cha juu yake, na katikati pawe chini kidogo kuliko kando ili maji yasile kingo. Njia ya mkato ifunikeni kwa matawi na mawe hadi mwisho wa upeo wa macho. Mkiziba mlango peke yake, watu wataupita.

Kiongozi mmoja asisimamie zaidi ya watu sita. Wenye sululu waachane mita tatu. Glavu, buti na lita tatu za maji ni lazima kwa kila mtu. Mawe yakusanywe siku ya kabla, na kamwe yasitolewe kwenye mteremko ulio juu ya njia, kwani mtafungua kidonda kipya. Mawe yakiwa tayari, watu sita hujenga makinga mawili asubuhi moja. Msiwaahidi zaidi, mtu akiharakishwa huacha mawe juu juu.

Kinachowafanya watu warudi ni kumilikishwa kipande. Wapeni wawili wawili makinga matano wayatembelee kila mwezi wakiwa na jembe, na baada ya kila mvua kubwa. Tope likifika nusu ya kimo cha jiwe, liondolewe na kutandazwa njiani upande wa chini wa kinga. Kinga linalojaa kila mvua linahitaji mshazari zaidi au mdomo mrefu zaidi. Hao wawili walitie alama, lijengwe upya Septemba.