Huduma ya Kwanza kwa Aliyepigwa na Kitu Butu Kifuani

Kifua kilichogongwa na usukani au ukingo wa ngazi huweza kuonekana kizima kwa nje ilhali ndani mbavu zimevunjika na pafu linavuja hewa au damu, kwa hiyo usitulizwe na ngozi isiyo na jeraha. Piga simu ya dharura kwanza, kisha mfungue majeruhi vifungo, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Akizidi 30, midomo ikigeuka samawati, au akikohoa damu, maisha yake yamo hatarini.

Tazama kwa makini zaidi kama kuna kipande cha kifua kinachobonyea anapovuta pumzi na kutokeza anapoitoa, kinyume cha sehemu nyingine, kwani hiyo ni dalili kwamba mbavu kadhaa zinazofuatana zimevunjika, kila moja zaidi ya mahali pamoja.

Ikiwa huna shaka ya jeraha la shingo au uti wa mgongo, mketishe nusu wima akiegemea upande ulioumia, na umpe nguo iliyokunjwa aikumbatie penye maumivu. Usimzungushie kifuani bendeji ya kubana, kosa linalonisikitisha kila nikiliona, maana humzuia kupumua kwa kina. Asile wala asinywe chochote. Akizimia na kuacha kupumua, anza mara moja kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, hata kama mbavu zimevunjika.