Mwanafunzi mchezaji asiumie: usianze na goti, anza na kichwa

Nafundisha michezo sekondari, netiboli na mpira wa miguu, na kila UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ikikaribia watoto wanaumia mazoezini hata kabla ya mashindano. Zamani nilikuwa nalaumu uwanja, na kweli una mashimo, ila nilipoanza kuangalia ni nani anaumia na lini nikakuta wengi walikuwa na jambo, wiki ya mtihani, ada haijalipwa, anaogopa kukatwa kwenye timu. Watafiti Mark Andersen na Jean Williams waliliandika hili tangu 1988, kwamba mtu akiwa na msongo misuli inakaza na macho yanaona mbele tu, anayekuja pembeni hamuoni.

Hatua ya 1: uliza kabla ya filimbi
Mmoja mmoja, maswali matatu: umelala masaa mangapi, unaumwa wapi, leo kuna nini. Umri wao unataka masaa 8 mpaka 10, sasa wa bweni anayetoka prepo saa nne na nusu usiku na kuamka saa kumi alfajiri atayapata wapi? Huyo simrudishi bwenini, nampunguzia, leo haruki wala hakimbii kwa kasi, anapiga pasi tu.

Hatua ya 2: pumzi
Dakika mbili, mkono tumboni, vuta kwa pua ukihesabu nne, toa taratibu ukihesabu sita, mabega yashuke. Mwanzoni watacheka, waache wacheke.

Hatua ya 3: kupasha mwili, na kichwa kiwepo
Tunatumia programu ya FIFA inayoitwa 11+, mazoezi ya kupasha mwili ya kuzuia kuumia, kama dakika 20, angalau mara mbili kwa wiki, unahitaji koni na mpira tu. Shida wengi wanaifanya huku wanapiga stori. Hapa mimi nakaa sana hasa na mabinti wa netiboli, maana huruhusiwi kukimbia na mpira, ukidaka hewani unatua na kusimama papo hapo na goti ndo linabeba yote. Nilikuwa na binti wa kidato cha tatu, akitua magoti yanaingia ndani mpaka yanataka kugusana. Nikimwambia angalia goti, angalia goti, anazidi kukakamaa. Nikabadilisha, nikamwambia "tua kama paka". Anafumba macho kwanza, anajiona anadaka, anatua kimya, magoti yamekunjwa yanaelekea vidoleni, mara tano kichwani ndo anaruka. Mimi kazi yangu kusikiliza viatu, nikisikia paa! kwenye udongo anarudia. Ilituchukua kama mwezi.

Hatua ya 4: lugha ya maumivu
Uchovu wa mazoezi unaukuta miguu yote miwili, unalegea ukipasha mwili, na siku mbili tatu umeisha. Ila kuchoma sehemu moja, kuvimba, kuchechemea, goti kuachia, hapo ni kusimama. Na akigongwa kichwa akaonekana kazubaa, anatoka, siku hiyo harudi uwanjani hata akilia.

Sasa kocha mwenzangu, mtoto akikwambia anaumwa ukamjibu "acha uoga", hatokwambia tena, atameza dawa ya maumivu acheze. Mimi nimewaahidi mbele ya timu nzima kwamba anayesema mapema hapotezi namba, na nimeishika hiyo ahadi hata siku ambayo tulimhitaji mtu tukafungwa.

Hatua ya 5: kurudi
Aliyeumia asikae bwenini peke yake, aje uwanjani, ahesabu pasi, abaki mwanatimu. Daktari akimruhusu namwangalia anaruka mguu mmoja mmoja, ulioumia ulingane na mzima, halafu namuuliza: mpira ukija juu sasa hivi, utaurukia? Mguu unapona hofu inabaki, na mwenye hofu anauonea huruma mguu mmoja mpaka anaumiza wa pili. Akisita, mechi hiyo hachezi, tunarudi pembeni ya uwanja mimi na yeye, macho kafumba, mara tano kichwani, ndo anaruka.